Zamu ya Jumamosi

Mpango wetu tuliupanga mimi na rafiki yangu tukiwa na matumbo makubwa, tumekaa kibarazani kwake Mkolani, miguu tumeiweka juu ya ndoo zilizopinduliwa kwa sababu ilikuwa imevimba. Sote wawili tulikuwa walimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Mwanza, na sote wawili tulikuwa tunaandika. Yeye alitoka Kagera, mtoto wa mashamba ya migomba na kahawa, Mlutheri wa kuimba kwaya. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimekulia kwenye pamba na ng'ombe. Tulikutana chumba cha walimu, tukakaa meza za jirani karibu mwaka mzima bila kuambiana kitu, mpaka siku moja akaniuliza, bila kunitazama, "Mwenzangu, hayo unayoandika pembeni ya maandalio ya somo ni nini?"

Kuanzia hapo, kila Jumamosi asubuhi nilikuwa kwake. Chai ya rangi kwenye chupa, mihogo ya kuchemsha, na kila mtu na kazi yake. Mimi na kompyuta yangu ndogo ambayo betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo tulivuta waya kutoka sebuleni. Yeye na simu, maana alikuwa anaandika riwaya nzima kwa dole gumba. Tukichoka tunasomeana.

Riwaya yangu ilihusu mwanamke anayechuuza dagaa kule Mwaloni, Kirumba. Ya kwake ilihusu bibi mmoja wa Kihaya anayeogopa kufa kabla mjukuu wake hajajifungua. Bibi anakaa mlangoni, anasuka mkeka, anasubiri kitukuu. Nilimpenda yule bibi kama mtu niliyewahi kulala kwake. Mwenzangu alikuwa na kipaji kunizidi, na sisemi hivyo kwa adabu. Mimi nilikuwa nahangaika na sentensi mpaka inachoka. Yeye aliandika fupi, akaiacha, na ilikaa.

Tuliposhika mimba karibu wakati mmoja, yeye akitangulia kidogo, chumba cha walimu kilicheka sana. Walimu wa kiume wakasema hawa wameambiana. Na sisi tulicheka, lakini tukibaki wawili tulikuwa na hofu moja. Tulikuwa tumewaona wanawake wengine. Pale shuleni palikuwa na mama mmoja, mwalimu wa muda mrefu, aliyetuambia kwamba zamani alikuwa anachora. "Kabla sijazaa," alisema, kama mtu anavyosema "kabla sijahamia huku", na akaendelea kusahihisha daftari.

"Sisi tutapeana zamu," mwenzangu akasema siku ile kibarazani. "Jumamosi moja mimi nakaa na watoto wote wawili, wewe unaingia ndani unaandika. Jumamosi inayofuata unakaa nao wewe, mimi naandika."

"Wote wawili? Wakilia pamoja?"

"Wakilia pamoja unawaacha walie pamoja. Watazoeana."

"Na kunyonya?"

"Mwenye njaa atanyonya kwa aliyepo."

Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema mtoto amempiga teke kwa kumsema vibaya kabla hajafika. Nikaweka mkono pale aliponionyesha, na kweli, kisigino kikapita chini ya kiganja changu, kigumu, kama kijiwe kinachoviringika ndani ya maji.

Mtoto yule alizaliwa akiwa ametimiza miezi yake. Wa kiume, mzito, na hakulia. Alivyoniambia mwenzangu baadaye, moyo wake ulikuwa umesimama kabla hata uchungu haujashika sawasawa. Hakuna aliyekosea. Hilo nalo lilimtesa, kwa sababu alitafuta wa kumlaumu na hakumpata.

Mumewe, bwana shamba mpole asiye na maneno mengi, alikabidhiwa mtoto akiwa ndani ya kitenge ambacho wao wenyewe walikinunua cha kumbebea. Akaenda kumzika siku ileile, yeye na wazee wawili wa kanisani kwao. Mwenzangu alikuwa bado wodini. Huku kwetu kwa watu wengi mama haendi kwenye maziko ya mtoto wa namna hiyo, na mtoto mwenyewe hawekewi msiba. Halikufungwa turubai, hakuna viti vilivyokodiwa, hakuna sufuria la wali nyuma ya nyumba. Wamama wa mtaani walipita mmoja mmoja, wakakaa kidogo, wakamwambia Mungu atakupa mwingine, wakaondoka.

Mimi sikwenda kumwona, hata aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Mama yangu alikuwa amekwishafika kutoka Misungwi kunisubiri nijifungue, na alinikuta mlangoni nikiwa na viatu mkononi.

"Hapana, mwanangu. Na tumbo hilo humwendei."

"Ni rafiki yangu, mama."

"Najua. Ndiyo maana humwendei. Akiliona hilo tumbo utamwambia nini? Mwache kwanza."

Sikujua kama alikuwa ananisemea mila au huruma, na pengine kwake hivyo ni kitu kimoja. Nilirudisha viatu, nikapiga simu. Alipokea. Nilisikia jogoo upande wake, na mtu anafagia uwanja. Halafu akaniuliza, "Umeandika leo?"

"Hapana."

"Andika. Wewe bado una nafasi," akasema, na simu ikakatika.

Mtaani kwake, kwa miezi yote ile, walikuwa wanamwita mama kijacho. Muuza genge, kijana wa bodaboda wa pale kona, mafundi cherehani, wote: mama kijacho, nyanya hizi, mama kijacho, twende nikupeleke. Aliporudi kutoka hospitali hawakujua wamwite nani. Aliniambia baadaye kwamba muuza genge alimwita "dada", kwa sauti ya chini kama anayeomba msamaha, na kwamba alitamani kumrushia zile nyanya usoni.

Binti yangu alizaliwa wiki chache baada ya hapo. Alilia kabla hajatoka vizuri. Mkunga akasema huyu atakuwa mwanasiasa, wodi nzima ikacheka, na mimi nikageukia ukutani nikalia, na wote wakadhani ni furaha.

Tulikuwa tunakaa Nyegezi, kwenye nyumba ya kupanga yenye jiwe kubwa nyuma yake, jiwe ambalo mchana kutwa linanyonya jua na jioni linalirudisha vyumbani. Mume wangu alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Alirudi amechoka, ananukia klorini, anamnyanyua mtoto kwa ncha za vidole kama kitu cha kuazima. Mama alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa ulezi na supu ya sato, na akanikataza kusoma. "Utaharibu macho," alisema. Nilifungua kompyuta kwa kuiba, mtoto akiwa amelala. Yule mwanamke wa dagaa nilikuwa nimemwacha amesimama penye mzani, beseni kichwani, anasubiri kuambiwa kilo. Nilimtazama. Sikukumbuka alikuwa ana hasira na nani. Nasinzia hapohapo, na nikiamka nakuta alama ya vitufe shavuni na mtoto analia.

Nilifikiri ndivyo itakavyokuwa. Sikulalamika, maana ningemlalamikia nani? Mtu pekee ambaye angeelewa ndiye ambaye sikuwa na haki ya kumwambia.

Alikuja mwenyewe, Jumamosi asubuhi, kwa miguu. Mama alikuwa uani anaanua nepi. Nilimsikia mwenzangu akimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kwa lafudhi yake ya Kihaya ambayo siku zote ilimchekesha mama. Safari hii mama hakucheka. Aliitikia, na nilipochungulia dirishani niliwaona wamekumbatiana, nepi ziko begani kwa mama bado.

Alikuwa amekonda uso. Alibeba mkungu wa ndizi kichwani, akautua jikoni kabla hajaniona.

"Mama yangu alizituma na meli," akasema. "Alizituma kwa ajili ya uzazi. Uzazi uko huku."

Nilitaka kusema kitu. Akainua kiganja.

"Usiseme. Mimi sikuja kupewa pole. Leo ni Jumamosi?"

"Ni Jumamosi."

"Basi ni zamu yangu ya kukaa na watoto. Tulikubaliana. Nipe mtoto, uingie ndani ukaandike."

"Siwezi kukufanyia hivyo."

"Hunifanyii, nafanya mwenyewe. Huruma nimeletewa nyingi, nyumba imejaa, hata pa kukaa hakuna. Wewe usiniletee nyingine. Nipe mtoto."

Binti yangu alikuwa kifuani kwangu, amefumba ngumi. Nilimtoa nikampa. Mwenzangu alimpokea vizuri, mkono chini ya shingo, kama mtu aliyekwisha kujifunza kwa miezi mingi akilini. Hakutoa chozi. Alimtazama tu. Akaanza kusema naye Kihaya, polepole, na akatoka naye kibarazani.

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Siku hiyo sikuandika hata neno. Nilikaa mbele ya kompyuta nikasikiliza sauti yake ikienda na kurudi nje ya dirisha. Kihaya sikijui. Nilisikia inapanda kama mtu anayesimulia, inauliza swali, inasubiri, kisha inajijibu. Ilikuwa lugha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa amesema mara nyingi kwamba hatamsemesha Kiswahili mpaka aanze shule.

Kisha mtoto akalia njaa, na sauti ya mwenzangu ikakatika ghafla.

Nilipotoka nilimkuta amesimama katikati ya baraza, mtoto mikononi ameinuliwa mbali na kifua, na blauzi yake imelowa pande zote mbili. Maziwa yalikuwa bado hayajamkauka. Yalikuwa yanashuka, yanapita kwenye nguo, yanafika kiunoni. Alikuwa anayatazama kwa mshangao.

Mama alifika kabla yangu. Alimchukua mtoto kwa mkono mmoja akanipa, na kwa mkono mwingine akavua khanga yake ya juu akamfunika mwenzangu kifua. Akampeleka chumbani kwake, akafunga mlango. Walikaa humo muda mrefu. Nilinyonyesha pale kibarazani, nikiusikia mlango ule umenyamaza. Walipotoka, mwenzangu alikuwa amevaa blauzi ya mama, pana, ya maua makubwa. Akasema, "Wiki ijayo nitakuja mapema zaidi," akaenda zake.

Jioni, tukimenya zile ndizi, mama akanisemesha bila kuinua kichwa.

"Usimruhusu aje kila wiki."

"Anataka mwenyewe, mama."

"Hata mwenye kiu anataka. Wewe ndiye unayeshika kikombe." Akamenya ndizi nyingine. "Mimi nilizika wawili kabla yako. Hukuwajua. Baada ya yule wa pili dada yangu alinipa mwanawe nimbebe, ili nipoe. Nilimbeba. Siku walipokuja kumchukua warudi kwao, nililala chini uwanjani kama mwehu. Msiba wangu mwenyewe sikuulilia hivyo."

Sikuwahi kujua kwamba walikuwa wawili. Nilimuuliza majina yao. Akaniambia, na tukaendelea kumenya.

Lakini mwenzangu alikuja tena, na tena. Mimi sikumzuia, mama naye hakumzuia, alimpikia. Alikuwa amerudi kazini mapema kuliko alivyotakiwa kwa sababu, alivyosema, nyumbani hata saa ya ukutani ilikuwa inampigia kelele. Katikati ya juma anafundisha, Jumamosi anakuja. Anamwogesha mtoto, anampaka mafuta, anamnyoosha miguu, anamzungusha kwenye lile jiwe la nyuma kabla jua halijalichoma, wanawatazama mijusi wenye vichwa vyekundu. Akilia njaa ananigongea. Nanyonyesha, namrudishia, nafunga mlango.

Na mimi nikaandika. Kuandika kulirudi, na kulirudi kukiwa na nguvu ambayo sikuwa nayo kabla. Yule mwanamke wa dagaa alitoka penye mzani, akagombana na mtu wa ushuru, akapanda gari la Kisesa kwenda kumtafuta dada yake. Nilikuwa najua kwamba muda ule niliopewa ni wa mtu, na sikuthubutu kuupoteza hata kidogo. Sijawahi kuandika vile tena. Wakati mwingine nikiinua macho naliona pindo la khanga ya mwenzangu likipita dirishani, na kichwa cha mwanangu begani kwake, kimelala upande.

Jumamosi moja nilimwambia, "Leo ni zamu yako. Mimi nakaa na mtoto, wewe ingia."

"Wiki ijayo."

"Ulisema hivyo wiki iliyopita."

Akaingia. Nilikaa nje na mtoto nikasubiri. Hakufunga mlango. Baada ya muda nilikwenda, nikamkuta amekaa kitandani kwangu, simu mkononi, kioo kimezimika.

"Yule bibi," akasema. "Kila nikifungua namkuta bado amekaa mlangoni, anasubiri. Mimi ndiye niliyemweka pale. Sasa nimwambie nini?"

"Mwache afe kabla," nikasema. Lilikuwa neno la mwandishi, nilidhani ni msaada. "Afe kabla hajajua."

Akanitazama kama mtu anayefikiria bei. "Angefurahi?" akauliza. Halafu akasimama, akanyoosha mikono. "Lete mtoto. Nenda ukamalize yule mwanamke wako. Mmoja wetu amalize."

Ilikuwa wakati wa likizo ya shule aliponisindikiza kliniki. Mama alikuwa amerudi Misungwi kupalilia, mume wangu yuko zamu ya mchana, na mtoto alikuwa na siku yake ya kupimwa. Tulikaa kwenye benchi refu pamoja na wanawake wengine, mtoto mapajani kwa mwenzangu kwa sababu alikuwa amemlilia yeye. Siku hizo alishaanza kuchagua, na mara nyingi alimchagua yeye. Mimi nilishika mkoba, kadi, na mwavuli.

Tulipoitwa tuliingia pamoja. Nesi alikuwa msichana mchangamfu, ana haraka, foleni ni ndefu. Hakuinua macho.

"Mama mtoto, mvue nguo, mlete kwenye mzani."

Mwenzangu akamvua. Akamtia kwenye ile kaptura ya kupimia, akamtundika, akamshika kiuno kwa kidole asiyumbe. Nesi akasoma uzito, akasema vizuri, anakua.

"Ananyonya usiku?"

"Ananyonya," mwenzangu akajibu.

"Uji mmeshamwanzishia?"

"Bado kidogo."

"Ni uzazi wako wa ngapi huu, mama?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao na mwavuli wangu. Ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kusema, kwa kicheko tu, kwamba mama ni mimi huku. Nilimwona mwenzangu shingo yake imesimama.

"Wa kwanza," akasema.

Na lilikuwa jibu la kweli.

Nesi akaandika kwenye kadi, akampigapiga mtoto mgongoni, akasema, "Hongera, mama. Unamtunza." Tukatoka.

Tulitembea mpaka barabarani, penye kivuli cha duka la mbao. Pale alisimama. Akambusu mtoto utosini, akanipa, akanirekebishia kitambaa kilichokuwa kimenidondoka begani. Mafundi walikuwa wanapiga randa ndani, vumbi la mbao linatoka mpaka nje.

"Umesikia alivyoniambia?"

"Nimesikia."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu niliipenda." Alikuwa analia sasa, wazi, bila kujifuta, na watu wanapita. "Dakika ile niliipenda kuliko kitu chochote tangu nizaliwe. Aliponiambia hongera nilitaka kukimbia naye. Unanielewa? Sio kwa maneno. Miguu yangu ilitaka kukimbia naye."

"Usingekimbia."

"Hapana. Lakini Jumamosi siji tena."

Nikamwambia aje hata bila kumshika mtoto. Nikamwambia tutakaa kwake, nitamwacha mtoto kwa jirani. Nilisema mambo mengi. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Wewe una mtoto na kitabu. Mimi nimekuja kwako nikaondoka na mikono hivi." Akaifungua, viganja juu. "Sikuonei wivu, usifikiri. Ila siwezi kuendelea kuja kwako kuitazama mikono hii."

Akasimamisha bodaboda, akapanda. Mtoto akamwona anaondoka akaanza kulia, akanyoosha mikono kuelekea barabarani, na alilia mpaka tulipofika nyumbani, na jioni tena.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa mbaya. Mtoto alipoanza kutambaa, alikuwa akienda hadi mlangoni asubuhi, anakaa pale. Sitasema alikuwa anamsubiri. Watoto hukaa popote. Lakini mimi nilishindwa kutazama. Kompyuta niliiweka juu ya kabati na sikuishusha kwa muda mrefu. Muhula ulianza, nikapata msichana wa kunisaidia kazi za nyumbani, nikawa narudi kutoka shuleni matiti yamejaa, maziwa yanalowesha nguo za kazi, na kila mara namkumbuka amesimama kibarazani na blauzi ile. Shuleni tulikutana kama kawaida. Tuligawana vipindi, tulicheka wengine walipocheka. Aliuliza, "Mtoto hajambo?" nikajibu, "Hajambo." Mwisho wa mwaka mumewe akahamishiwa Sengerema, naye akaomba uhamisho amfuate. Nilikwenda kuwaaga Kigongo, penye kivuko. Vyombo vyao vilikuwa kwenye Canter, godoro juu, kuku ndani ya tenga. Tulishikana mikono mpaka gari likaanza kuingia kivukoni, na tukazungumza habari za mitihani ya kidato cha nne.

Riwaya niliimaliza. Niliimaliza vipande vipande, saa za chakula cha mchana, katika darasa tupu, wanafunzi wakiwa foleni ya makande. Sehemu hizo za mwisho zinaonekana. Msomaji makini atajua ni wapi mwandishi alianza kuchoka. Wachapishaji wadogo wa hapa mjini walikubali kuitoa. Nilipokuwa naandika shukrani nilimpigia simu.

"Nataka kuweka jina lako."

"Usiweke."

"Bila wewe hakuna kitabu."

"Ndiyo maana. Watu wakisoma wataniuliza, na wewe cha kwako kiko wapi? Nitawajibu nini, mwenzangu? Usiweke. Niletee kimoja tu."

Nikampelekea. Daraja la Kigongo lilikuwa limeshafunguliwa, na ziwa lile ambalo tuliagana ukingoni mwake tulilivuka kabla mtoto hajamaliza kuuliza haya ni maji ya nani. Binti yangu alikuwa anatembea na kusema kila kitu. Mwenzangu alitupokea kituoni Sengerema, amenenepa kidogo, nywele amekata. Alichuchumaa chini, akafungua mikono.

Mtoto akajificha nyuma ya sketi yangu.

"Msalimie mama mkubwa," nikamwambia. "Amkia."

Akatoa uso nusu. "Shikamoo," akasema, kwa heshima, kama anavyowaamkia wageni wote.

Mwenzangu akabaki amechuchumaa kidogo. "Marahaba, mama," akasema. Akajifuta magoti, akasimama, akabeba begi letu.

Nyumbani kwake kulikuwa safi. Hawakuwa wamepata mtoto mwingine, na mimi sikuuliza. Alikata nanasi, akampa mtoto vipande kwenye kisahani, na baadaye mtoto akazoea, akamwonyesha jinsi anavyoruka kwa mguu mmoja. Kitabu alikishika muda wote tuliokaa, kidole kikiwa katikati ya kurasa, bila kukifungua mbele yangu. Nilitaka sana kumuuliza kama anaandika. Nililiweka swali hilo mdomoni zaidi ya mara moja, na kila mara nikauliza kitu kingine: maji yanatoka? Shule mpya ina walimu wangapi wa Kiswahili?

"Mimi peke yangu," akasema. "Na madarasa yamejaa. Usiku nasahihisha mpaka nasinzia." Alisema bila uchungu. Alikuwa mwalimu mzuri, nilijua, mzuri kunizidi.

Alitusindikiza kituoni kabla ya jua kuzama. Alimnunulia mtoto karanga, akamfunga zipu ya sweta, akanishika bega. Gari lilikuwa bado halijajaa lakini hakusubiri. Alisema ana mitihani ya kidato cha pili mezani. Nilimwona akivuka barabara, akisalimiana na wanafunzi wake wawili waliosimama wakamwamkia, akaingia kwenye kichochoro cha nyuma ya maduka.

Mtoto alikula karanga zote. Tulipofika Busisi, penye daraja, alikuwa amelala, kichwa mapajani kwangu, na nilikaa vilevile bila kujigeuza mpaka Nyegezi, mguu umekufa ganzi.